Pampu ya Mwanjelwa

Juzi nilimpelekea fundi cherehani yangu iliyokuwa inaruka mishono. Akafungua kichupa cha mafuta mepesi, akadondosha matone mawili matatu kwenye vyuma, na harufu yake ikanifikia kabla sijajiandaa. Fundi akaniuliza, "Mama, mbona unacheka peke yako?" Nikamwambia si kitu. Ningeanzia wapi? Kwangu mimi harufu ile haijawahi kuwa ya cherehani. Ni ya bunduki, na ni ya siku ambayo bibi yangu alikosa la kusema, jambo ambalo kabla ya hapo sikuwahi kuliona.

Tulikuwa tunaishi Ruaha Mbuyuni, kule bondeni ambako magari ya barabara kuu hupunguza mwendo na wanawake huyakimbilia na ndoo za nyanya na vitunguu. Mliokulia huko mnalijua lile joto ambalo hata kuku hutembea midomo wazi. Nyumbani tulikuwa watano: baba, mama, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, mimi, na bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali. Vitunguu tulilima karibu na mto, mahindi tulilima upande wa mlimani. Vitunguu vilitaka maji, mahindi yalitaka ulinzi, na vyote viwili vilinitaka mimi.

Maji niliyachota asubuhi na jioni kwa ndoo ya lita kumi. Ulinzi ulikuwa dhidi ya nyani. Mahindi yakishabeba, nilikuwa nashinda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, nikiwa na debe la kugonga na rundo la mawe. Walikuwa kundi kubwa, na dume lao tulimwita Mjumbe, kwa sababu alitembea polepole, kifua mbele, akikagua shamba moja baada ya jingine kama anayeandikisha kaya. Nikigonga debe, Mjumbe alikaa chini na kunitazama. Nikirusha jiwe, alilitazama lilipoangukia, kisha ananitazama tena mimi, na nilihisi kabisa kwamba ananihurumia. Akimwona baba alikimbia. Mimi, mama na bibi alituona kama sehemu ya shamba.

Kwa hiyo wiki nzima nikienda shule mara mbili ilikuwa nyingi. Mwalimu wetu wa darasa la tatu akiniona mlangoni alisema, "Karibu, mgeni!" Darasa lilicheka, nami nilicheka nao, lakini tebo ya saba ya kuzidisha sikuijua, na nilikuwa naogopa siku atakayoniita ubaoni. Misimu miwili mfululizo tulivuna mabua. Baba akasema wa tatu ukienda hivyo, tutafunga virago tukaishi kwa baba mkubwa Makambako. Alilisema hilo akiwa anakula, bila kupandisha sauti, na mama akaacha kula.

Hapo ndipo likaanza neno pampu.

Lazima nieleze. Bibi aliamini kwamba nyani anaelewa maneno ya watu, na neno analolielewa kuliko yote ni bunduki. "Mkilitaja," alisema, "kesho watakuja kutuwahi." Basi wakubwa wakalizika neno hilo. Na kwa kuwa baba alikuwa ameambiwa mjini kwamba inayomfaa ni bunduki ya marisau, ile ya pampu, ambayo unavuta kishikio mbele na nyuma ndipo inapiga tena, wao wakawa wanasema pampu tu. Mimi nililisikia hilo tu. Na pale kijijini kwetu pampu ilikuwa kitu kimoja: ile mashine ya petroli inayonyonya maji mtoni na kuyamwaga shambani huku mwenyewe amekaa kivulini. Nilipomsikia bibi anasema atauza ng'ombe wake kwa ajili ya pampu, niliitazama ndoo yangu ya lita kumi kama mtu anayeagana na adui.

"Baba," nilimuuliza jioni hiyo, "hiyo pampu itafika mpaka kwa Mama Sikitu?" Mama Sikitu alikuwa jirani yetu, shamba lake limepakana na letu.

"Itafika mpaka ng'ambo ya mto, mama," akasema. Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la bibi.

"Ina kelele?"

"Kijiji kizima kitasikia."

"Na mimi nitaruhusiwa kuiwasha?"

Baba aliweka chini kikombe cha chai. "Ukiigusa hiyo pampu, hata kwa ncha ya kidole, nitakuchapa mpaka usahau hilo jina ulilorithi."

Niliona amezidi, lakini nikamsamehe. Kitu cha thamani kina masharti yake. Kesho yake nikamwambia Mama Sikitu habari njema, na jioni akaja kwetu na mpira wa maji umeviringwa begani, akamwambia bibi kwamba pampu ikifika yeye mpira anao, wapokezane. Bibi alimtazama muda mrefu, akamjibu, "Mama Sikitu, hiyo haitumii mpira," akaingia ndani. Mimi nikaona wazi kuwa yetu itakuwa ya kisasa zaidi.

Nikachimba mfereji. Nilichimba mchana ambao wote walikuwa mtoni, nikautoa kwenye kona yatakapoingilia maji hadi kwenye kitalu cha vitunguu, na kwa kuwa nilitaka unyooke, nikaupitisha katikati ya tuta la viazi vitamu la bibi. Bibi aliporudi, kilio chake kilisikika barabarani. "Nguluvi wangu!" alimwita Mungu kwa Kihehe. "Na nguruwe pori nao wameanza! Tazama walivyofukua! Pampu, pampu upesi!" Nilimtazama baba, nikamtazama bibi, nikaona kusema ukweli kungechelewesha mambo.

Tatizo lilikuwa kuchagua. Baba na bibi walikwenda Iringa mjini kuitazama mpya dukani, wakarudi hawaongei. Nikiwa jikoni nilisikia yote. Bibi alikuwa ameipenda ile mpya mpaka inamtoka mdomoni: inang'aa, ina karatasi zake, haijashikwa na mkono wa mtu. Baba alisema kuna dereva wa lori, mteja wetu wa vitunguu, aliyemwambia kuhusu mzee mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye anauza ya kwake, iliyotunzwa.

"Ya mtu?" bibi akasema. "Nimtoe ng'ombe mzima mwenye afya, niletewe kitu kilichochoka? Mwanangu, ile mpya ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

"Basi?"

Baba akanyamaza. Baba yangu alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini kunyamaza huku kulikuwa kwa namna nyingine, kama kwa mtoto aliyevunja chungu. Mwishowe akasema tu, "Twende tukaitazame na hiyo nyingine, mama. Kutazama si kununua." Sote tulikuwa hatujui anaficha nini. Hata yeye, nadhani, alikuwa hajui kama anaficha au amesahau.

Mimi nilipelekwa Mbeya kwa ajili ya ndimu. Bibi alikuwa anatapika kwenye gari, na alitaka mtu wa kukaa karibu yake na kumshikia ndimu ya kunusa. Nilifanya kazi hiyo kwa heshima zote kutoka bondeni mpaka Mbeya, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tulipotoka nje nikapiga kelele: mdomo wangu ulikuwa unatoa moshi. Nilidhani naungua ndani. Nilifunga mdomo, moshi ukatokea puani. Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta, ndipo akanionyesha kwamba hata yeye anatoa, hata bibi, hata mama muuza maandazi. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, nami nilikuwa nimevaa gauni la kwenda kanisani na kandambili.

Mzee Mbaruku alikuwa na duka la vitambaa Mwanjelwa, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Wazee wake walitoka pwani. Alivaa kanzu nyeupe na juu yake sweta zito la kijani, na Kiswahili chake kilikuwa laini, kimepangika, mpaka bibi, aliyezoea Kihehe, akawa anamjibu kwa uangalifu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Karibuni, karibuni sana. Poleni na safari. Mjukuu wangu huyu mbona hana sweta?" Akachukua kipande cha flana dukani akanizungushia mabegani. Tukaletewa kahawa na kashata. Alituambia kwamba zamani alikuwa anashuka Usangu kuwinda kanga na kware, akiwa na kibali chake, lakini sasa macho yamekuwa na ukungu, na mtu asiyeona vizuri hana haki ya kushika silaha. Polisi wanajua anauza. Ila hatamuuzia mtu yeyote tu. "Nimeshawarudisha wawili," alisema. "Mmoja aliishika kama fimbo ya kuchungia."

Mimi niliona ajabu pampu ya maji iitwe silaha, lakini watu wa pwani nilisikia husema mambo kwa mafumbo.

Akaenda chumbani, akafungua kabati la chuma, akarudi na kitu kirefu kilichofungwa kwenye khanga. Alipoifungua khanga, harufu ya mafuta ikajaa chumba. Alisema huipaka mafuta ya cherehani ya mkewe, na hayajawahi kumwangusha. Akavuta kishikio cha mbao, kraki-kraki, akaingiza kidole ndani kuhakikisha ni tupu, akamtaka baba naye aingize chake. Mbao ilikuwa imepauka mahali mkono ulipokaa miaka yote hiyo. Chuma kilikuwa cheusi kama jicho la mbuzi.

Nilisogea nikaikagua mbele, nikaikagua nyuma. Nikauliza, "Babu, maji yanaingilia wapi?"

Mzee Mbaruku akaniuliza kwa upole, "Maji gani, mjukuu wangu?"

"Ya vitunguu. Mfereji nimeshachimba."

"Mfereji gani?" bibi akauliza.

Nikaelewa nimesema nini, lakini neno likishatoka limetoka. "Ule wa kwenye viazi," nikasema.

"Kumbe nguruwe ni wewe!" Bibi alinyanyuka, na sijui kama angenipiga au la, kwa sababu baba alikuwa ameshaanza kucheka, na Mzee Mbaruku akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na bibi alijaribu kushikilia hasira yake, ikamponyoka. Mimi nililia. Nililia kwa ajili ya ndoo yangu ya lita kumi iliyokuwa inaningoja nyumbani. Mzee akanipa kashata yake, nikalia huku natafuna.

Waliponyamaza, Mzee Mbaruku akampa baba ile bunduki. "Iweke begani tukuone."

Baba akaiweka bega la kulia. Akainamisha shavu, akafumba jicho moja, akafumba jingine, akayafumbua yote. Shingo ilikuwa imepinda kama ya jogoo anayemezeshwa dawa.

"Hivyo ndivyo alivyofanya hata Iringa," bibi akasema. "Nikadhani ni ile bunduki haimtaki."

Mzee akamwambia aishushe. Akamwonyesha kalenda ukutani. "Nyoosha kidole gumba, kifunike kile kichwa cha ng'ombe kwenye picha, macho yote wazi. Haya. Sasa fumba la kushoto."

"Kidole kimekaa pembeni ya ng'ombe."

"Fumba la kulia."

"Kimerudi juu yake."

Mzee Mbaruku akaitazama ile mikono ya baba, iliyokuwa imetulia magotini. "Mwanangu, wewe una mashoto."

Baba aligeuka akamtazama mama yake, na katika uso ule wa mtu mzima mwenye ndevu nikaona uso wa mtoto wa umri wangu. Nakumbuka ulinitisha kuliko bunduki.

"Alikuwa nayo," bibi akasema haraka. "Tukamtoa akiwa mdogo. Sasa anatumia kulia kama watu."

"Mkono umekubali, dada yangu. Jicho limekataa." Alisema hivyo bila ukali, huku akijaza vikombe. "Hata mimi ninayo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipaka pilipili mkono huu." Akauinua wa kushoto. "Kula nitakula kwa kulia, hiyo ni adabu yetu sote. Lakini bunduki hailiwi."

Kisha akaeleza, na alieleza kwa kutuonyesha. Ile mpya ya Iringa, alisema, bila shaka inatoa ganda ubavuni, upande wa kulia, kama nyingi zilivyo. Mtu wa mashoto akiipiga, ganda la moto linapita mbele ya uso wake. Ya kwake inadondosha ganda kwa chini. Ndiyo sababu aliitafuta hii ujanani mwake, na ndiyo sababu hakuibadilisha.

Bibi alikuwa ameishika ile khanga tupu, anaikunja, anaikunjua. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila jambo, kwa nyani, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mvua, alikaa pale midomo imefungwa. Kahawa ikapoa. Mwishowe akamwambia baba, kwa Kihehe, "Iweke kushoto nione."

Baba akasita.

"Iweke, nimesema."

Akaiweka. Ikaingia begani mwake kama ufunguo kwenye kufuli yake. Shavu likatulia, shingo ikanyooka, na mkono wa kulia ukakipata kile kishikio wenyewe, kraki-kraki, bila yeye kutazama. Mzee Mbaruku alisema tu, "Alhamdulillah."

"Nilikufunga kwa kamba ya mgomba," bibi akasema. "Mkono huo. Nikaufunga kiunoni uzoee. Ulilia siku tatu."

"Nne, mama," akasema baba.

"Nne." Akaitikia kwa kichwa. Akaikunja khanga vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. "Mzee wangu, tutaichukua hii. Ile nyingine ingawa inang'aa, ilitengenezewa mtoto wa mwenzangu."

Hatukuondoka nayo siku hiyo. Bunduki haibebwi kama mkungu wa ndizi. Karatasi zilitoka Mbeya zikaenda Iringa, zikarudi zikiwa na mihuri zaidi, na baba akaitwa mara kadhaa kuulizwa maswali yale yale. Afisa wa wanyamapori alikuja akamwambia ni ya kutishia, si ya kuua ovyo, na bibi akaitikia kwa niaba yake. Mimi nilirudi kwenye ndoo. Adhabu ya viazi ilikuwa kuufukia mfereji na kulipanda tuta upya, na niliifanya bila kunung'unika, maana hata mimi niliona kwamba kwa kosa lile nimepewa bei nafuu. Mvua zikaja. Mahindi yakaota, yakapita kiuno cha baba, yakatoa ndevu. Nikapanda dunguni na debe langu, na siku ya kwanza tu Mjumbe akatokea kwenye mawe, akakaa, akanitazama.

Bunduki ilifika nyumbani wiki hiyo hiyo. Ililala kwenye sanduku la chuma, na ufunguo ulikaa mahali ambapo mpaka leo sijaambiwa.

Asubuhi iliyofuata, umande bado haujakauka, tulikuwa shambani wote, hata mama na mtoto mgongoni. Siri ilikuwa imevuja kama siri zote, kwa hiyo Mama Sikitu alikuwepo na majirani wengine wanne watano, wamesimama mbali kidogo, mikono vifuani. Nyani wakashuka. Mjumbe alitangulia, akaingia mstari wa kwanza, akavunja hindi, akalimenya bila haraka. Baba akasimama kwenye mpaka. Kwa muda alikuwa ameishika bunduki mbele yake, mtutu juu, na niliona anawatazama watu, na baada ya watu anamtazama mama yake.

Bibi akamwinulia kidevu, kidogo tu.

Baba akaiweka bega la kushoto, akaelekeza angani juu ya mawe, akapiga.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka kwamba nilikuwa chini, kwenye majani, na debe langu kichwani. Nilipolitoa niliona ganda jekundu limedondoka miguuni pa baba, linafuka, na mlimani kundi zima linapanda mawe kama maji yanayorudi juu, Mjumbe akiwa wa mwisho, hindi bado mkononi, anageuka kila hatua tatu kutazama. Alikuwa amekosewa heshima. Baba akavuta kishikio, kraki-kraki, akapiga tena, na safari hii Mjumbe akaliacha hindi.

Majirani walishangilia. Mama alikuwa anacheka na mtoto analia mgongoni. Lakini Mama Sikitu alikuwa ameuona mkono.

"He! Kumbe baba yenu ana mashoto?" akasema kwa sauti. "Miaka yote hii tunalima naye!"

Watu wakamgeukia bibi. Bibi alifunga khanga yake vizuri kiunoni, akasema, naye kwa sauti, ili na wa mwisho asikie, "Anayo. Nilimzaa hivyo."

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimekaa chini, majani kichwani.

"Na wewe unangoja nini? Nenda kaoge. Shule inaanza."